Mimea mitano inaugua katika tangi moja: uchambuzi wa kisa

Tangi lenyewe, la samaki na mimea ya majini, lipo sebuleni, Dar es Salaam. Urefu ni sentimita 90, upana 35, kimo 40. Ukiondoa tabaka la mchanga la sentimita 6 na nafasi ya sentimita 4 iliyoachwa juu, maji halisi ni lita 95 hivi, na hapa tunazihesabu kuwa 100. Kichujio ni cha ndani, taa ni LED ya wati 36 iliyolazwa juu ya kioo, na joto la maji hukaa kati ya nyuzi 28 na 30 bila kipasha joto. Samaki ni gapi 14. Maji hutoka bombani, hupanda kwenye simtanki, ndipo huchotwa. Mchanga uliletwa kutoka ufukweni na kuoshwa vizuri hadi maji ya kuoshea yakawa maangavu. Mapambo ni mawe mawili ya matumbawe.

Mimea ni mitano: Hygrophila polysperma na Rotala rotundifolia nyuma, Vallisneria upande wa kushoto, Cryptocoryne wendtii katikati, na Anubias barteri mbele. Baada ya wiki tisa hakuna hata mmoja uliokuwa na afya, na kila mmoja ulikuwa ukiugua kwa namna yake. Hygrophila ilikuwa na matundu madogo kwenye majani ya chini, kila tundu limezungukwa na ukingo wa njano. Vilele vya Rotala vilikuwa vimepauka karibu kuwa vyeupe. Cryptocoryne iliyeyuka yote, ikabaki vikonyo vya majani. Majani ya Vallisneria yaligeuka kuwa kama kioo na kukatika yakiguswa. Anubias ilikuwa imejaa mwani mweusi wa ndevu kwenye kingo za majani, na rizomu yake, lile shina nene linalolala, ilikuwa laini na yenye harufu upande mmoja.

Mwenye tangi hakuzembea. Alipoona majani yanapauka aliongeza saa za taa kutoka 8 hadi 12. Alipoona ukuaji ni wa polepole alitengeneza chupa ya hamira na sukari ili kupata hewa ukaa. Alipopima pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji ambacho hewa ukaa hukishusha, akaona haishuki, akaongeza chupa ya pili. Mwani ulipotokea alinunua ile dawa ya maji inayouzwa kama kaboni ya chupa, akamimina kila siku. Kisha akaongeza mbolea yenye chuma, mara mbili ya kipimo cha lebo. Hatua zote hizo ni za mtu anayejali, na karibu zote zilikwenda upande usiofaa, kwa kuwa kila moja ilichukuliwa kabla ya kupima maji ya bomba na maji ya tangi siku moja na kuyalinganisha.

Vipimo viwili kwa siku moja

Maji ya simtanki: pH 7.4, ugumu wa kaboneti (KH, yaani kaboneti zinazozuia pH kushuka) nyuzi 4, ugumu wa jumla (GH, yaani kalisiamu na magnesiamu) nyuzi 6. Maji ya tangi, asubuhi kabla taa haijawaka: pH 7.4, KH 9, GH 11. Naitreti kwenye tangi miligramu 10 kwa lita, fosfeti 1.

Angalia tofauti. KH imepanda nyuzi 5, na GH imepanda nyuzi 5 vilevile. Vikipanda kwa kiasi kilekile, maana yake kuna kalisiamu kaboneti inayoyeyuka ndani ya tangi: makombe ya bahari, matumbawe, chokaa. Kingepanda GH peke yake, tungetafuta chumvi nyingine ya kalisiamu au magnesiamu, mara nyingi kutoka kwenye mbolea. Kingepanda KH peke yake, tungeuliza kama kuna mtu aliyetia magadi. Nyuzi moja ya ugumu ni sawa na miligramu 17.85 za kalisiamu kaboneti kwa lita, kwa hiyo nyuzi 5 katika lita 100 ni gramu 9 hivi za kombe zilizoyeyuka na kuingia majini.

Kuna maelezo mengine yanayoweza kutolewa, nayo ni uvukizi. Maji huondoka, madini hubaki, na ukijaliza kwa maji ya bomba unaongeza madini mengine. Tangi hili hupoteza lita moja hivi kwa siku. Lakini robo ya maji yake ilikuwa ikibadilishwa kila wiki, na kwa mpangilio huo uvukizi pekee ungeifikisha KH kwenye 5 na kidogo, kisha ingetulia hapo. Haiwezi kufika 9. Uthibitisho zaidi ulipatikana kwa kubadilisha nusu ya maji: KH ilishuka hadi 6.5, na wiki moja baadaye ilikuwa imerudi 9. (Ili kupata nusu nyuzi, tumia mililita 10 za maji badala ya 5 kwenye kipimo cha matone, kila tone sasa ni nusu nyuzi.)

Mchanga ulikuwa umewahi kupimwa. Mwenye tangi aliuloweka kwenye ndoo kwa wiki, akapima, akaona KH imepanda kidogo tu, akaridhika. Kipimo hicho huwadanganya wengi, na sababu inafaa kueleweka. Kombe halifanyi haraka kuyeyuka katika maji yaliyotulia na kupata mizani na hewa ya chumba, kwa sababu maji hayo yana hewa ukaa kidogo sana, kama nusu miligramu kwa lita. Ukiongeza hewa ukaa, asidi hafifu inayotokea hula kombe na kuendelea kula. Yaani chupa za hamira ndizo zilizokuwa zikiyeyusha mchanga. Hewa ukaa iliingia, ikayeyusha kombe, KH ikapanda, na KH ilipopanda pH ikakataa kushuka. Mwenye tangi aliposoma pH isiyobadilika aliamini kwamba gesi haifiki majini, akaongeza chupa ya pili, na mchanga ukayeyuka zaidi.

Hesabu inayotumika kukadiria hewa ukaa ni hii: zidisha 3 kwa KH, kisha kwa 10 iliyopandishwa kipeo cha 7 kutoa pH. Kwa KH 9 na pH 7.4 unapata miligramu 10.7 kwa lita. Hiyo ni hewa ukaa ya kutosha kabisa kwa mimea ya aina hii chini ya taa ya wastani. Kwa gesi ileile, maji ya KH 4 yangesoma pH 7.05. Tangi halikuwa na njaa ya kaboni kama ilivyodhaniwa. Lilikuwa na kipimo kilichofichwa na mchanga.

Njia bora ya kupima mchanga ni siki. Chukua kijiko cha mchanga mkavu, kiweke kwenye bilauri, mwagia siki nyeupe, sikiliza na utazame kwa karibu. Mapovu yakitoka, kuna kaboneti. Kwa mchanga huu mapovu yalionekana papo hapo, na mawe ya matumbawe yalitoa povu hata zaidi. Usitumie asidi ya betri. Mbali na hatari yake kwa macho na ngozi, hufunika kombe kwa tabaka la jasi na mapovu hukoma mapema, ukadhani mchanga ni salama.

Kusoma majani, mmea kwa mmea

Hapa ndipo penye manufaa makubwa zaidi, kwa kuwa majani yanasema mengi ukijua pa kuanzia. Swali la kwanza ni moja tu: je, kinachoumia ni majani ya zamani au majani mapya? Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzinyonya kutoka majani ya chini na kuzipeleka kwenye kilele, hivyo ya chini ndiyo yanayoharibika. Chuma, kalisiamu, manganizi na boroni hazihami kirahisi. Zikipungua, majani mapya ndiyo yanayotoka na kasoro.

Hygrophila iliharibika chini. Naitreti ipo, fosfeti ipo, na matundu madogo yenye ukingo wa njano ni alama inayojulikana ya upungufu wa potasiamu. Chakula cha samaki huleta naitrojeni na fosforasi kila siku, potasiamu kidogo. Mmea unaokua haraka huimaliza mapema, na taa ya saa 12 iliharakisha jambo hilo.

Rotala iliharibika juu. Huo ni upungufu wa chuma, na jambo la kusikitisha ni kwamba chuma kilikuwa kikimiminwa kwa wingi. Tatizo ni aina yake. Chuma kinachouzwa kwenye mbolea nyingi za tangi kimeshikizwa na EDTA, kemikali inayokibakiza kikiwa kimeyeyuka majini, nayo huanza kukiachia pH inapovuka 6.5. Kikiachiwa katika maji ya pH 7.4 asubuhi na karibu 8 alasiri, hugeuka kutu isiyoyeyuka na kutua mchangani. Kushikizwa na DTPA, kemikali nyingine ya aina hiyo, hukibakiza majini hadi pH 7.5 hivi. EDDHA hufika mbali zaidi, hata zaidi ya 9, ila hutia maji wekundu.

Vallisneria ni kisa cha peke yake. Mmea huu unapenda maji magumu. Una uwezo wa kutumia baikaboneti pale hewa ukaa inapokwisha, na ndiyo maana jamaa zake wanaishi Ziwa Tanganyika, ambako pH hukaribia 9, pamoja na Potamogeton na Ceratophyllum. Katika tangi hili ndio uliopaswa kustawi kuliko yote. Kilichouangusha ni ile kaboni ya chupa, ambayo kiini chake ni glutaraldehidi, kemikali ya kuua vijidudu. Mimea mingi huivumilia kwa kipimo kidogo. Vallisneria haivumilii, na jani lililogeuka kama kioo ndiyo alama yake. Tarehe pia ziliafiki: majani yalianza kulegea siku chache baada ya dawa kuanza kutumika.

Cryptocoryne huyeyuka ikihamishwa. Mashamba mengi huikuza majani yakiwa hewani, na ikizamishwa hutupa majani hayo na kuotesha mapya ya majini. Kosa lililotendeka ni kuing'oa mara kwa mara ili kukagua mizizi, kwa hiyo kila ilipoanza upya ilikatizwa. Mizizi ikiwa migumu na myeupe au ya kahawia isiyo na harufu, mmea uko hai.

Anubias ilikuwa imezikwa. Asili yake ni kingo za vijito vya Afrika Magharibi na ya Kati, ambako hushika mawe na magogo, na rizomu yake ikifukiwa mchangani huoza. Mwani wa ndevu ulioishika ni wa kundi la mwani mwekundu, ijapokuwa kwa macho ni mweusi. Hupenda majani yanayokua polepole, mwanga mwingi na hewa ukaa inayopanda na kushuka, na chupa mbili za hamira zilizojazwa siku moja huleta hali hiyohiyo: gesi nyingi siku za mwanzo, kisha inapungua hadi karibu kuisha, kisha nyingi tena.

Mpangilio wa matibabu

Taa ndiyo iliyoguswa kwanza, kwa sababu mwanga ndio unaoamua kasi ya mahitaji mengine yote. Ilipunguzwa kutoka saa 12 hadi 6, kwa swichi ya saa, na ikainuliwa sentimita 15 juu ya kioo. Kaboni ya chupa ikakomeshwa siku hiyohiyo, na nusu ya maji ikabadilishwa.

Kisha mchanga. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuuacha, kuondoa Rotala, na kupanda mimea ya maji magumu pekee: Vallisneria, Ceratophyllum, Anubias. Ni njia nzuri, ya bei nafuu, na kwa mtu anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika ndiyo ya kuchagua. Mwenye tangi hili alitaka Rotala na alitaka kuendelea na hewa ukaa, na hewa ukaa haikai vizuri na mchanga wa kombe. Kwa hiyo mchanga ulitolewa.

Kazi ilifanywa asubuhi, kwa kuwa maji ya simtanki alasiri huwa ya moto. Lita 50 za maji ya tangi zilihifadhiwa kwenye ndoo safi. Samaki waliwekwa katika ndoo mojawapo pamoja na kichujio kikiendelea kufanya kazi. Kichujio kikikauka au kuzimwa kwa saa nyingi, bakteria wanaoshughulikia uchafu wa samaki hufa, na tangi huanza upya na amonia. Mimea ilifungwa kwa magazeti yaliyolowa. Mchanga wa ufukweni ulitolewa wote kwa kibakuli, maji machafu yakamwagwa, kioo kikapanguswa bila sabuni.

Mchanga mpya ni wa mto, ule wa ujenzi, uliochekechwa ili kubaki na punje za milimita 1 hadi 3 na kupimwa kwa siki kabla ya kulipiwa. Tabaka la sentimita 6 katika tangi hili ni lita 19 hivi, karibu kilo 30. Ulioshwa kidogo kidogo kwenye ndoo hadi maji yalipotoka safi. Mawe ya matumbawe yalibadilishwa kwa mawe ya graniti. Lita 50 za zamani zilirudishwa, zikajalizwa kwa maji mapya, KH ikasoma 6.5. Hazikutumika lita 100 mpya kwa mkupuo: gapi waliozoea KH 9 hawapaswi kuangushwa hadi 4 kwa saa moja. Iliyobaki ilishushwa kwa kubadilisha asilimia 20 kila baada ya siku tatu.

Anubias ilitolewa, sehemu laini ya rizomu ikakatwa kwa wembe hadi ilipoonekana nyama ngumu ya kijani. Majani yalipakwa kwa brashi haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, nje ya maji, yakaachwa dakika 3 na kusuuzwa. Mwani uligeuka waridi ndani ya siku mbili, kisha mweupe. Mmea ukafungwa kwa uzi wa pamba juu ya jiwe, rizomu ikiwa wazi.

Mbolea ilipangwa hivi kwa lita 100. Salfeti ya potasiamu gramu 2 siku ya kwanza, inayotoa miligramu 9 za potasiamu kwa lita. Baada ya hapo gramu 1 ya salfeti ya potasiamu na gramu 1 ya naitreti ya potasiamu kila wiki, baada ya kubadilisha maji. Gramu hiyo ya naitreti huongeza miligramu 6 za naitreti na karibu 4 za potasiamu kwa lita. Zote mbili hupatikana kwenye maduka ya pembejeo kama mbolea ya mazao ya shambakitalu. Naitreti ya potasiamu ni ile yenye namba 13-0-46 mfukoni. Kupima gramu moja kwa mizani ya jikoni ni kubahatisha, kwa hiyo yeyusha gramu 20 katika mililita 400 za maji, chupa moja kwa kila chumvi: mililita 20 ni gramu 1. Chuma ni cha DTPA cha asilimia 11, gramu 4.5 katika mililita 500. Mililita 10 mara mbili kwa wiki huongeza miligramu 0.1 kwa lita kila mara.

Tahadhari kubwa dukani: usichukue CAN, DAP, urea wala NPK ya punje. Zina amonia au hugeuka amonia. Katika pH 7 na joto la nyuzi 30, chini ya asilimia 1 ya amonia yote huwa katika umbo linaloua samaki. Katika pH 8 ni zaidi ya asilimia 7. Tangi la pwani lina joto hilo na mara nyingi lina pH hiyo.

Chupa za hamira zilibaki mbili, ila zikapishanishwa. Kila moja ina lita 1 ya maji, gramu 200 za sukari na nusu kijiko cha chai cha hamira, katika chupa ya lita 1.5. Kwa joto la Dar es Salaam chupa huchoka baada ya siku 8 hadi 12. Moja hujazwa upya wiki hii, nyingine wiki ijayo, na gesi hukaa karibu palepale. Kati ya chupa na tangi pana vali ya njia moja, kuzuia maji kurudi, na chupa ndogo ya kunasa povu la hamira, kwani povu likiingia tangini maji hugeuka maziwa. Kwa kuwa gesi haizimwi usiku, mdomo wa kichujio umeinuliwa ili uvuruge uso wa maji kidogo. Samaki wakionekana kupumua juu asubuhi, uvuruge zaidi.

Kilichofuata

Jani lililotoboka halizibi. Anayetazama majani ya zamani atadhani tiba imeshindwa, hivyo hukumu itolewe kwa majani yaliyoota baada ya marekebisho pekee. Hygrophila ilitoa majani mazima ndani ya wiki mbili, na ya chini yakakatwa. Rotala ilichukua wiki tatu kurudisha kijani kwenye vilele. Vallisneria ilipoteza majani yote marefu, ikaanza tena kutoka moyoni, na wiki ya sita ilikuwa imetuma machipukizi mawili pembeni. Cryptocoryne ilitoa majani madogo ya kahawia wiki ya nne. Anubias, kwa tabia yake, ilitoa jani moja.

Rotala haijawa nyekundu, na kwa mwanga huu haitakuwa. Taa imeongezwa hadi saa 7 na inabaki hapo. Kuipandisha hadi 10 kwa ajili ya rangi ni kuualika mwani wa ndevu, ambao bado upo kwenye mdomo wa kichujio kwa uchache. Maji ya tangi sasa yanasoma KH 5 dhidi ya 4 ya bombani, na GH 7 dhidi ya 6. Nyuzi hiyo moja ni kazi ya uvukizi, na gapi wanaifurahia, kwa hiyo imeachwa.